Mzigo wavuka mpaka, haki ya dereva yabaki nyuma

CHUKULIA dereva wa lori aliyepakia Dar es Salaam mzigo wa Kigali. Anafika Rusumo usiku, anapanga foleni, na asubuhi karatasi zake zinamalizwa mara moja kwa sababu maofisa wa Tanzania na Rwanda wanafanya kazi katika kituo kimoja. Jua halijawa kali, yuko Rwanda. Anashusha, anageuza. Akiwa njiani kurudi simu inaita: dizeli imezidi makadirio, gari aliache yadi, funguo ampe mwenzake, hiyo ndiyo safari yake ya mwisho. Akiulizia mshahara anaambiwa umefidia mafuta. Barua ya kuachishwa hakuna. Mkataba nao hakuwahi kupewa.

Hakuna haja ya kuutafutia mfano huu jina la kampuni. Mfanyabiashara aliyewahi kukesha Malaba, Namanga, Mutukula au Tunduma akisubiri mzigo wake amekwishausikia kwenye meza ya mama lishe, ukisimuliwa kwa lafudhi ya Mombasa, ya Mbeya au ya Masaka. Kinachobadilika ni kilichokatwa tu: mara dizeli, mara faini ya mizani, mara magunia matatu yaliyopungua, mara tairi lililopasuka.

Lisilozungumzwa sana ni swali linalofuata. Dereva huyo, aliyeajiriwa nchi moja, akaambiwa hana kazi akiwa nchi nyingine, kwa gari ambalo huenda limesajiliwa nchi ya tatu, anadai wapi? Mzigo wake una jibu la swali kama hilo. Tangu 2014, chini ya Himaya Moja ya Forodha, ushuru wa bidhaa ziendazo Rwanda au Uganda hulipwa huko ziendako wakati kontena bado liko bandarini, na kila ofisi njiani inajua nafasi yake. Dai la mshahara halina njia ya namna hiyo. Soko la pamoja la Afrika Mashariki limejengwa vizuri upande wa shehena na limeachwa nusu upande wa anayeiendesha, na gharama ya nusu hiyo inamfikia pia mwenye mzigo.

Mwenye mzigo anaweza kuona kwamba ugomvi wa dereva na tajiri wake haumhusu. Miaka ya karibuni imeonyesha vinginevyo. Aprili 10, 2015 madereva wa mabasi na malori nchini Tanzania waligoma na safari zikasimama. Sharti la kurudi darasani kila leseni inapokwisha muda ndilo lililowasha moto, lakini madai ya mikataba ya ajira yalikuwa humo humo. Mgomo wa pili ulipofuata mwanzoni mwa Mei mwaka huo huo, mikataba ilikuwa miongoni mwa hoja kuu zilizofikishwa kwa serikali. Watu waliokuwa na magari ya mamilioni mikononi mwao walikuwa wakiomba karatasi inayothibitisha kwamba wameajiriwa.

Januari 2022 ikawa zamu ya Malaba na Busia. Madereva waliegesha malori upande wa Kenya wakikataa kipimo cha lazima cha Uviko-19 ambacho Uganda ilikuwa ikikitoza dola 30. Foleni ikafika makumi ya kilomita. Uganda, inayopitisha sehemu kubwa ya mafuta yake njia hiyo, ikaadimikiwa na petroli na bei ikaruka kwenye vituo vingi hadi sharti hilo lilipolegezwa. Mgomo ule ulielekezwa kwa serikali, haukuwa wa kuwapinga waajiri. Hata hivyo ulifichua jambo kuhusu waajiri: dereva wengi walihofia kuwa dola 30 hizo, au siku za kusubiri, zingetoka kwenye posho zao. Ingekuwa wazi kwamba kampuni ndiyo inayolipa, hasira ingekuwa ya namna nyingine.

Hapo ndipo mfumo wa malipo unapohitaji kutazamwa. Madereva wengi wa masafa marefu hulipwa mshahara mdogo wa mwezi, au hawana mshahara kabisa, na kinachowaweka mjini ni posho ya safari. Wakenya huiita mileji. Posho hiyo hupangwa kwa njia, si kwa siku. Mombasa hadi Kampala ni takriban kilomita 1,170, na fedha ni ile ile iwe lori limefika kwa siku tatu au siku tisa. Humo humo dereva anakula, analipia maegesho, anampa mlinzi wa usiku, anamlisha utingo wake. Mtandao wa forodha ukizimika, mzigo ukirudishwa kukaguliwa upya, au wakala akichelewa kulipia, muda wote huo hakuna anayemlipa. Mwenye lori anampa mwenye mzigo hesabu ya kuchelewa. Dereva hana wa kumpa.

Wakati wa Uviko-19 Jumuiya ilianzisha mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, ili nchi zote zione dereva alipimwa lini na yuko wapi. Mfumo ulikuwa na manufaa yake. Lakini inafaa kukumbuka kwamba mwaka 2020, watu walipolala kwenye kebini siku nyingi pembezoni mwa barabara ya Malaba, serikali ziliweza kujua kwa dakika dereva yuko kilomita gani, na hakuna aliyekuwa na wajibu wa kuhesabu saa zake za kungoja kuwa ni saa za kazi.

Kinachouma zaidi, hata hivyo, ni makato, na hapa sheria za nchi zina maneno makali kuliko madereva wengi, na waajiri wengi, wanavyodhani.

Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimruhusu mwajiri kujikatia tu. Ili kurudisha hasara kutoka kwenye mshahara, mfanyakazi lazima awe ameafiki kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake, na mwajiri awe ameandika chanzo chake, kiasi chake na namna alivyokipata. Mfanyakazi apewe nafasi ya kupinga. Jumla isizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Ukisoma masharti hayo kisha ukakumbuka ile simu ya njiani, utaona kwamba hakuna hata moja lililotimizwa.

Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007 inaruhusu kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika au kupotea, ikiwa mfanyakazi amefanya hivyo kwa makusudi. Neno hilo la makusudi ni zito. Tairi kupasuka Salgaa si makusudi. Lori kuunguruma usiku kucha kwenye foleni, likisogea hatua kumi kila nusu saa na kunywa dizeli ambayo makadirio ya ofisini hayakuihesabu, si makusudi pia. Na hata pale makato yanapokuwa halali, yote kwa pamoja hayatakiwi kuzidi theluthi mbili ya mshahara, ili mtu arudi nyumbani na kitu.

Faini za mizani ni kisa cha peke yake. Sheria ya Jumuiya ya kudhibiti uzito wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli saba. Dereva hapakii mzigo, huupokea. Mara nyingi anakuta turubai limefungwa au kontena limetiwa lakiri, na akisema gari limezidi anaambiwa aende tu, mizani ya mbele wanajuana. Asipokwenda, kuna dereva mwingine pale getini anayetafuta kazi. Akienda akakamatwa, faini inaandikwa kwenye daftari lake.

Magunia yaliyopungua yanamgusa msomaji moja kwa moja. Mfanyabiashara wa Kampala akipokea mifuko 597 ya sukari badala ya 600, hupunguza thamani ya mitatu kwenye malipo ya msafirishaji. Ni haki yake. Msafirishaji naye huihamishia kwa dereva bila kuuliza kama mifuko hiyo iliwahi kupanda gari. Mnyororo unaishia kwa yule asiye na wa kumkata. Ajabu ni kwamba ushahidi upo. Tangu 2017 mamlaka za mapato za Kenya, Uganda na Rwanda zinatumia mfumo wa pamoja wa lakiri za kielektroniki unaoonyesha kama mlango wa kontena ulifunguliwa, saa ngapi na wapi. Kifaa hicho kilichowekwa kulinda kodi kinaweza pia kumtoa dereva kwenye lawama kwa dakika tano. Ni nadra mwajiri kukiomba kwa ajili hiyo.

Waajiri nao wana maelezo yao, na si ya kupuuzwa. Dizeli huuzwa njiani, hilo linajulikana kuanzia Mariakani hadi Kabale, na kuna madumu ya njano kando ya barabara yanayolithibitisha. Mwenye malori matatu aliyoyanunua kwa mkopo wa benki anaweza kufilisika kwa dereva mmoja mwizi. Wenye mizigo humlipa baada ya siku 30, 60, wengine hata 90, huku mafuta akiyanunua kwa fedha taslimu. Bei ya kusafirisha inapigwa chini na kila anayekuja na kontena moja akijidai analeta mia. Katika hali hiyo, mshahara wa dereva ndio gharama pekee inayoweza kucheleweshwa bila mtu kuja na barua ya wakili. Maelezo hayo yanaeleza kwa nini jambo linatokea. Hayalifanyi kuwa halali, na kwa hakika hayatoshi kumfanya dereva mwaminifu alipe deni la yule mwizi.

Sasa turudi Rusumo. Dereva ameachishwa kwa simu, na anaamua kudai. Kitu cha kwanza anachopaswa kukijua ni kalenda, kwa sababu nchi zinatofautiana kupita kiasi. Tanzania Bara, mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Madai mengine, kama mshahara usiolipwa, ni siku 60. Uganda, malalamiko ya kuachishwa isivyo haki hupelekwa kwa afisa kazi wa wilaya ndani ya miezi mitatu. Kenya, kesi ya ajira inaweza kufunguliwa ndani ya miaka mitatu. Rwanda, chini ya sheria ya kazi ya 2018, mgogoro huanzia kwa wawakilishi wa wafanyakazi, kisha kwa mkaguzi wa kazi, ndipo mahakamani. Kongo, iliyojiunga na Jumuiya mwaka 2022, inataka usuluhishi wa mkaguzi wa kazi kabla ya kesi. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, tofauti na ya Bara.

Siku 30 ni chache kwa mtu wa barabarani. Wiki ya kwanza huisha akitafuta nauli ya kurudi, ya pili na ya tatu akiahidiwa na ofisi kwamba bosi akirudi safari yatamalizwa, na ya nne akigundua kwamba simu zake hazipokelewi tena. Tume inaweza kupokea dai lililochelewa kukiwa na sababu ya maana, lakini kuomba kukubaliwa kuchelewa ni kazi nyingine juu ya kazi.

Kuna mtego mwingine Tanzania: kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimhusu aliyefanya kazi chini ya miezi sita na mwajiri huyo. Yadi inayobadilisha madereva kila mwezi wa tano haifanyi hivyo kwa bahati.

Baada ya kalenda ni mahali. Kanuni za Tume ya Tanzania zinasema mgogoro husikilizwa na ofisi ya eneo ambako chanzo chake kilitokea, isipokuwa Tume yenyewe ielekeze vinginevyo. Kwa mfanyakazi wa kiwanda hilo ni jambo jepesi. Kwa dereva aliyeajiriwa kwa mdomo Dar es Salaam, akakatiwa mafuta Kahama, akaachishwa kwa simu akiwa Kigali, chanzo kilitokea wapi? Wakili wa mwajiri ana nafasi ya kubishana hapo miezi kadhaa kabla dizeli haijatajwa. Na akishinda, bado malori ya kukamatia deni yanaweza kuwa ng'ambo.

Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyosainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika Julai 1, 2010, ilikusudiwa kuyaondoa mambo kama haya. Ibara yake ya 10 inampa mfanyakazi wa nchi mwanachama uhuru wa kufanya kazi nchi nyingine bila kubaguliwa kwa uraia katika ajira, malipo na masharti ya kazi. Ibara ya 12 inazitaka nchi zioanishe sera na sheria zao za kazi. Ibara ya 54 inazitaka zihakikishe kwamba mtu ambaye haki zake za Itifaki zimevunjwa anapata nafuu.

Kwenye karatasi ni nzuri. Tatizo ni picha ya mfanyakazi iliyokuwa kichwani mwa walioiandika. Humo mfanyakazi ni mwalimu wa Kenya anayehamia Kigali, au mhasibu wa Uganda anayepata kazi Arusha: mtu anayehama, anaomba kibali, anapanga nyumba, analipa kodi huko. Dereva hahami. Ofisi yake ni barabara yenyewe. Rwanda hajaajiriwa, anapita tu. Uganda anapita tu. Na Tanzania, anakotoka, si mgeni wa kulindwa na Itifaki. Mtu anayeutumia mpaka kuliko mtu mwingine yeyote katika Jumuiya ndiye ambaye Itifaki inampata kwa shida. Ulaya walikutana na tatizo hilo hilo, na mwaka 2020 wakapitisha kanuni maalumu za madereva wanaovuka mipaka. Huku bado.

Uoanishaji wenyewe unakwenda polepole kiasi kwamba hata kiwango cha chini cha mshahara hakilingani kwa namna yoyote. Kenya na Tanzania hupanga viwango kwa sekta na kuvipitia mara kwa mara. Uganda kiwango rasmi ni shilingi 6,000 kwa mwezi, tangu 1984. Bunge lilipitisha muswada wa kukibadilisha mwaka 2019 na Rais akakataa kuusaini. Rwanda iliweka faranga 100 kwa siku mwaka 1980. Fedha hizo leo hazimpeleki mtu mbali kwa bodaboda. Mwajiri mwenye ofisi nchi mbili anajua vizuri wapi pa kuandikia ajira zake.

Je, Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha? Mkazi wa nchi mwanachama anaweza kuishtaki nchi huko kwa kuvunja Mkataba wa Jumuiya, na ana miezi miwili tu ya kufanya hivyo. Mwajiri binafsi hashtakiwi kwa mlango huo. Wafanyabiashara wakitaka wanaweza kuandika kwenye mkataba wao wa kibiashara kwamba ugomvi utaamuliwa na mahakama hiyo kwa njia ya usuluhishi. Watumishi wa Jumuiya yenyewe nao, wakigombana na mwajiri wao juu ya masharti ya kazi, husikilizwa na mahakama hiyo hiyo. Kwa hiyo ofisa anayeandika ripoti ya usafirishaji Arusha ana mahakama ya kikanda ya kulalamikia mshahara wake. Anayesafirisha hana.

Kilichobaki mkononi mwa dereva kwa sasa ni sheria za nchi, na zina nguvu kama akizijua. Kukosa mkataba wa maandishi si kukosa haki. Kenya inataka mkataba wa miezi mitatu au zaidi uandikwe, na Tanzania inataka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi. Nchi zote mbili zinasema mwajiri akishindwa kuleta karatasi hizo, mzigo wa kuthibitisha yaliyokubaliwa ni wake. Kwa dereva, ujumbe wa simu wa kutumiwa posho, karatasi za forodha zenye namba ya gari na jina lake, na stakabadhi za mizani ni ushahidi wa ajira. Simu ya kumwachisha nayo haitoshi. Kenya inamtaka mwajiri aeleze sababu kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa, mwenzake wa kazini au mwakilishi wa chama akiwapo, na amsikilize kwanza. Uganda nayo inataka asikilizwe kabla ya kufukuzwa.

Vyama vipo: COTWU na vyama vya madereva Tanzania, chama cha madereva wa masafa marefu Kenya, ATGWU Uganda, na juu yao shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki lenye makao Arusha. Kila kimoja kina nguvu ndani ya mpaka wake. Dereva wa Tanzania akikwama Eldoret, chama chake hakina afisa pale, na cha Kenya hakimdai ada wala hakimjui. Kadi moja ya uanachama inayotambuliwa kwenye vituo vyote vya mpaka isingehitaji kikao cha marais. Ingehitaji makatibu wakuu wa vyama vinne au vitano wakae meza moja, na ni vigumu kueleza kwa nini hawajafanya hivyo.

Wafanyabiashara nao ni waajiri, hili lisikwepwe. Kijana anayelala stoo Kikuubo au kufungua duka Gikomba, analipwa kwa siku, na jumapili akiugua halipwi, mara nyingi huitwa kibarua mwaka wa tatu sasa. Sheria haimwiti hivyo. Kenya, kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja anahesabiwa kuwa mwajiriwa wa mwezi, pamoja na haki zake za notisi na likizo. Uganda, kanuni za 2011 haziruhusu mtu abaki kibarua zaidi ya miezi minne. Siku kijana huyo akifukuzwa kwa kosa la kufikiriwa na akamfikia afisa kazi, mwenye duka ndiye atakayeulizwa mkataba uko wapi. Wanaodai haki kwenye mizani ya Jumuiya na kunyima haki kwenye kaunta yao wapo, na hawako wachache.

Kwa upande wa lori, mwenye mzigo ana uwezo kuliko anavyojua, kwa kuwa ndiye anayelipa. Anapoambiwa bei ya chini kuliko soko zima, anaweza kuuliza imepunguzwa wapi: kwenye mafuta, kwenye bima, au kwenye posho ya dereva. Lori ambalo dereva wake hajalipwa miezi miwili ndilo linaloegeshwa njiani na kontena la mtu likiwa juu yake, dereva akiligeuza kuwa dhamana ya mshahara wake. Mwenye mzigo hulipia siku hizo kwa kampuni ya meli yenye kontena na kwa wateja waliokwenda kwingine. Kuuliza kama madereva wana mikataba na wanachangiwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii ni swali la biashara kama lilivyo swali la bima ya mzigo.

Jambo dogo zaidi hufanyika kwenye mlango wa ghala. Lori linapofika, mpokeaji huandika tarehe. Ni wachache wanaoandika saa ya kufika, saa ya kuanza kushusha, hali ya lakiri na idadi iliyohesabiwa mbele ya dereva. Nakala ya karatasi hiyo, ikiwa na saini na muhuri wa duka, huenda kwa msafirishaji. Dereva huondoka mikono mitupu. Nakala ya pili inagharimu karatasi moja, na akipewa anaweza kuisimamisha mbele ya msuluhishi wa Dar es Salaam, afisa kazi wa Kampala au hakimu wa Nairobi siku atakapoambiwa kwamba mifuko mitatu imepotea mikononi mwake.